Bunduki Isiyozama

Februari 26

Jua kali, upepo mkavu. Nimebandika mbao tano za mtiki kwa ajili ya bunduki ya yule mzamiaji wanayemwita Mapafu. Siku kama hii gundi inashika bila kubembelezwa, ndiyo maana huandika hali ya hewa humu kabla ya kitu kingine chochote. Fundi wa bunduki za kuvulia chini ya maji asiyejua mbao zake zilibandikwa siku ya namna gani, huyo anachonga kuni.

Kila ubao nimeugeuzia jirani yake: huu ukitaka kupindia kulia, ule upindie kushoto, wazuiane. Bunduki ikipinda hata kwa unene wa ukucha itatupa mshale pembeni, na samaki hangoji mtu ajaribu tena.

Binti yangu amezipaka mafuta zile mbili za wiki iliyopita. Mkono wake katika kupaka mafuta na kuziba matundu umeshaupita wangu. Simwambii, asije akavimba kichwa.

Mkwe alipita jioni kunywa chai. Yeye na binti yangu wanakaa vyumba vya nyuma ya karakana, kwa hiyo kupita kwake ni kuvuka ua tu, lakini hubisha hodi kama ametoka safari. Anasema maji bado ni maangavu, mtu unaona mpaka mchanga wa chini, ila mvua zikianza mto utamwaga tope lake na bahari itakuwa imefungwa mpaka mvua ziishe. Anataka kuzifaidi siku zilizobaki. Nikamwambia aende, lakini bunduki yake asiilaze juani.

"Baba," akasema, "wewe unaiulizia bunduki hali kabla ya kuniulizia mimi."

Tulicheka wote. Mke wangu akasema ndivyo nilivyo, alishazoea.

Februari 28

Mkwe hajarudi. Alitoka asubuhi na Mapafu kwenda kwenye miamba. Mapafu amerudi peke yake, damu puani, haongei vizuri. Anasema alipanda chomboni kupumzisha sikio, Mkwe akashuka mara moja zaidi, na hakupanda. Mapafu amemzamia mpaka pumzi ikamkatika.

Machi 1

Hewa kavu, hakuna wingu. Naandika hivyo kwa mazoea tu.

Pwani palikuwa pamejaa watu. Wazamiaji wote wamekuja na miwani yao, hata wale wasiosalimiana. Mapafu alitaka wajipange mstari, waikague chini yote kuanzia miamba kwenda kusini, kabla maji hayajachafuka. Mama yake Mkwe, yule mshonaji, alikuwa amelazwa kwenye kivuli, hajitambui, wanawake wanampepea. Kwa hiyo mkubwa wa familia pale nilikuwa mimi, na macho yote yalikuwa kwangu.

Nikawauliza swali moja. Bunduki iko wapi?

Nikawaeleza, na nilieleza taratibu, kama ninavyomweleza mteja. Bunduki zangu hazizami. Zile za bati za dukani ukiziachia zinakwenda chini, mtu anapoteza mali yake. Yangu, hata ikiwa na mshale wake, inapanda juu na kusimama kama chupa. Kila mtu hapa anajua. Sasa, mtu akipoteza fahamu chini ya maji, kitu cha kwanza kinacholegea ni mkono. Mkono ukilegea, bunduki inapanda. Jana bahari ilikuwa shwari, Mapafu alikuwa juu ya chombo anatazama, na hakuona bunduki. Basi mkono haukulegea. Mkwe alishikwa na mkondo akiwa na fahamu zake, akapelekwa mbali, yuko huko juu ya maji ameikumbatia bunduki kama boya, au ameshaokotwa na meli. Mkishinda hapa mnapekua mchanga, mnampotezea muda mtu aliye hai.

Maneno yangu yalikuwa matamu kuliko ya Mapafu, na watu wakayapenda. Mapafu alianza kusema kitu. Nikamwambia, "Wewe uliyemwacha mwenzio, nyamaza." Akanyamaza.

Binti yangu peke yake ndiye aliyenipinga. "Baba, waache wazamie." Akarudia: "Waache wazamie, baba." Nikamwambia afunge mdomo wake. Mbele za watu, ndiyo, lakini mke gani anaomba mumewe atafutwe chini wakati kuna uwezekano yuko juu? Akaenda kukaa karibu na mama mkwe wake.

Vyombo vyote vimekwenda bahari kuu. Vimerudi jioni bila kitu.

Machi 2

Bahari kuu tena. Hakuna kitu. Hakuna bunduki pia, na hilo ndilo linalonipa nguvu.

Machi 3

Wamekwenda mpaka njia ya meli. Mawingu upande wa bara.

Machi 4

Mvua imeanza kabla sijaamka.

Machi 6

Mvua. Mto umeshuka na kila kilichokuwa bara. Maji ya pwani yana rangi ya chai ya maziwa mpaka nje ya miamba. Mapafu alikuja karakana, akasimama mlangoni analowa. "Mzee, sasa hata tukitaka hatuoni mkono wetu wenyewe." Nikamwambia kwani nani anataka? Akaondoka.

Machi 9

Mvua. Gundi ya jana bado inanata.

Machi 11

Mama yake Mkwe amekuja leo. Nimempa jina la Mshonaji siku nyingi, tangu alipotushonea nguo za harusi akanibana kwapani makusudi, anasema nilikuwa naongea sana. Leo hakuwa na utani. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba mapajani.

"Mkwe," akaniambia, "nimekuja tupange. Mwanangu hana kaburi, lakini ana watu. Watu wanataka kuja kulia. Mke wake yuko hapa kwako, msiba ni wa hapa."

Nikamwambia hakuna msiba. Nikamwambia kumlilia mtu aliye hai ni uchuro, ni kumwita mauti kwa jina lake. Nikaanza kumweleza habari ya bunduki na mkono unaolegea.

Akanikatiza. "Nimesikia hiyo. Mtaa mzima umesikia. Mimi nimemzaa, wewe umemtengenezea bunduki."

Nilisimama nikafungua mlango. Sikusema toka, lakini mlango ulikuwa wazi na mvua inaingia, na mwanamke yule si mjinga. Binti yangu alimsindikiza hadi njiani bila mwavuli. Aliporudi alikuwa amelowa chapachapa, akachukua msasa na kuendelea na kazi, wala hakuniangalia.

Hajalia hata mara moja. Naliandika hapa kwa sababu linaniudhi. Mke wangu analia jikoni akidhani sisikii, mimi mwenyewe kuna asubuhi machozi yananitoka nikinoa patasi. Yeye kimya. Sijui nimelea mtoto au nimechonga.

Machi 13

Mvua. Mke wangu ameshinda kwa dada yake. Chai nimejipikia, imeungua. Sikujua kama chai inaungua.

Machi 14

Mvua. Ameshinda kwa dada yake tena. Binti yangu amebaki nami, tumefanya kazi bila maneno.

Machi 15

Kama jana.

Machi 19

Nimepata wazo, na leo ndiyo siku ya kwanza tangu lile jambo nimekula chakula kikaisha.

Bunduki ya Mkwe niliichonga kutoka kwenye gogo moja, na kipande cha gogo lile ninacho bado juu ya dari. Nitachonga pacha wake. Urefu ule ule, uzito ule ule, mafuta yale yale. Kisha nitaiachia pale pale kwenye miamba na kuona mkondo unaipeleka wapi. Inakofika bunduki, ndiko alikofika Mkwe. Tutajua ni pwani ipi ya kwenda kuulizia.

Nilimwambia binti yangu nikitegemea atachangamka. Akaniuliza, "Utachonga kwenye unyevu huu?"

"Nitawasha jiko la mkaa karakana."

"Sawa, baba," akasema, na akaenda kuleta mkaa. Sawa baba! Kama vile nimemwambia nataka kupaka ukuta rangi.

Machi 22

Mvua. Nimepasua mbao. Kiini kizuri, hakina fundo.

Machi 24

Mvua. Nimebandika. Vibano vyote nilivyo navyo vimebana ubao mmoja, kazi za watu zimesimama. Wasubiri.

Machi 25

Gundi haijashika.

Machi 26

Haijashika. Nimehamisha jiko karibu, mke wangu anasema nitachoma nyumba kwa ajili ya kijiti. Nikamwambia hiki si kijiti. Akasema, "Najua si kijiti, baba watoto. Najua vizuri sana ni nini." Kisha akasema neno ambalo limenikaa kooni siku nzima. Akasema ninamnyima mtoto machozi yake. Mimi! Mimi ndiye pekee katika nyumba hii ninayempigania mumewe.

Machi 28

Imeshika.

Aprili 2

Leo tumegombana, mimi na binti yangu.

Niliingia kwao kuchukua kipimo nikamkuta anakunja mashati ya Mkwe na kuyapanga kwenye sanduku. Amefua yote, amepiga pasi hata yale ya kazini. Nikamuuliza anapeleka wapi.

"Kwa mama yake. Atawapa wadogo zake."

"Na akirudi atavaa nini?"

Alikunja shati alilokuwa nalo mpaka mwisho, akalilaza juu ya mengine, akalisawazisha kola. Ndipo akasema, "Baba, nisaidie kufunga sanduku, mkanda wake umeharibika."

Nilimwambia maneno mabaya. Nilimwambia mwanamke mwenye moyo angeyanusa yale mashati, asingeyapiga pasi. Nilimwambia labda ana haraka ya kuolewa tena. Nilipomaliza bado alikuwa ameshika mkanda wa sanduku, ananingoja nishike upande wa pili. Nikashika. Tukafunga.

Najua nimevuka mpaka. Lakini sikumwomba radhi, na sasa nikiandika bado hasira haijaisha. Nimemlea mimi, nimemfundisha kazi ya mikono tangu hajaota meno ya pili, na sijui kilicho ndani yake. Mbao ninaijua. Huyu simjui.

Aprili 3

Mvua.

Aprili 4

Mvua. Nimechonga mfereji wa mshale. Umenyooka.

Aprili 7

Binti yangu amepaka mafuta pacha. Sikumwomba, nilikuta amefanya. Mkono mmoja mzuri kutoka mwanzo hadi mwisho, hakuna alama ya kitambaa. Nilipoitia kwenye tangi la maji ilipanda na kusimama kama ninavyotaka. "Unaona?" nikamwambia. "Naona," akasema.

Aprili 10

Mvua nyepesi. Tumekwenda kwenye miamba, mimi na Mapafu na mwenye chombo. Nilitapika njia nzima, kama zile siku za kumtafuta, mimi si mtu wa baharini, nachonga tu vya baharini. Nikaiachia bunduki. Mapafu aliitazama ikielea inakwenda zake kwenye maji yale ya tope, akageuza uso.

Aprili 13

Imepatikana! Wachuuzi wa samaki wameileta, imepanda ufukweni upande wa kusini, mbele kidogo ya soko. Haina hata mkwaruzo. Niliwakumbatia, nikaipeleka mbio uani nikiita majina ya wote.

Mke wangu alitoka na unga mikononi. Binti yangu alitoka. Nikawaambia: mmeona sasa? Bunduki ikiachiwa pale inafika soko la samaki, mahali penye watu kutwa. Ya Mkwe ingeachiwa, ingefika. Haijafika. Kwa hiyo anayo. Kwa hiyo yuko.

Binti yangu aliichukua mikononi mwangu. Aliipitishia kidole upande wa tumbo, mahali chini ya mdomo wa bunduki, akirudia, kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza. Halafu akanirudishia na kukimbilia nyuma ya nyumba, tukamsikia anatapika. Nikamwambia mke wangu ni furaha, imemzidi. Mke wangu alinitazama kwa jicho la huruma, nikachukia.

Aprili 15

Nimekwenda pwani ya kusini kuulizia. Hakuna aliyemwona.

Aprili 17

Nimekwenda tena, mbele zaidi. Wananiangalia kama mwendawazimu mwenye adabu. Wananipa maji ya kunywa.

Aprili 18 mpaka 27

Mvua. Nimekwenda, nimerudi.

Mei 1

Mvua imepungua. Miguu imevimba. Nimeanza kuota ndoto moja tu, kwamba ninabandika mbao na gundi haishiki, wala hakuna maana nyingine ndani yake. Ni kazi tu, isiyokwisha.

Leo, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha karakana, nilijisikia nikihesabu sababu zinazofanya awe hai, na nikagundua kwamba sababu ni moja tu. Tangu mwanzo imekuwa moja tu. Bunduki yangu haizami.

Mei 5

Jua la kwanza. Wanasema maji yameanza kusafika.

Mei 9

Jua, hewa kavu. Siku nzuri ya kubandika mbao.

Mapafu alileta bunduki yake asubuhi, ile ya zamani niliyomchongea kabla ya hii ya Februari. Anataka kuanza kazi, na imeanza kutupa mshale pembeni kidogo. Unyevu huo, nikamwambia, nitaitoa unene kidogo tumboni itanyooka. Nikaibana kwenye jiliwa, tumbo juu, nikachukua randa.

Randa ilikwenda vizuri, ikafika chini ya mdomo wa bunduki ikakwama. Nikatazama ulimi wake, umeng'oka pembe. Nikadhani msumari. Nani atie msumari kwenye kazi yangu? Nikakwangua kwa patasi. Chini ya mbao kulikuwa na kitu cha kijivu, laini, kinang'aa pale kinapokwanguliwa. Ilikuwa risasi, ile ya chubwi wanayofungia nyavu ili zishuke. Mtu ametoboa tundu refu, ameiyeyusha na kuimimina ndani, halafu akaziba juu kwa unga wa mbao na gundi.

"Hii nini?"

Mapafu aliangalia miguu yake. "Mzee, usikasirike."

"Sijakasirika. Nimeuliza hii nini."

"Risasi. Bunduki ikielea sana inakuvuta mkono juu. Unalenga samaki, mdomo unapanda. Ukishinda nayo kutwa kiwiko kinakufa. Ukitia risasi kidogo inatulia."

"Na ukiiachia?"

Akasugua shingo. "Ukiiachia inazama."

Nikamuuliza ni nani mwingine amefanya upumbavu huu.

"Wote, mzee."

"Wote wepi?"

"Wote wanaonunua kwako. Bunduki zako ni nzuri, zinakwenda sawa kuliko zote. Tunanunua, halafu tunatia risasi. Hakuna aliyetaka kukwambia, ulivyo."

"Nilivyoje?"

Akainua mabega. Nami nikainamia kile kiziba. Kilifuata nyuzi za mbao moja kwa moja, rangi haikupishana hata kidogo. Kama si randa ningeishi na bunduki ile miaka bila kujua. Kuna watu wawili tu wanaoweza kuziba namna ile, na mmoja ni mimi.

Binti yangu alikuwa mlangoni na kitambaa chake cha mafuta. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Na ya mumeo?" nikamuuliza.

"Ilikuwa ya kwanza," akasema. "Alikuwa anaumwa kiwiko, hataki kukwambia. Nilitia mimi. Wengine wakaiona wakanijia."

"Siku ile pwani ulijua."

"Nilijua."

"Na hukusema!"

"Nilisema, baba. Nilisema waache wazamie. Nikasema tena. Ukaniambia nifunge mdomo."

"Hukusema risasi. Ungesema neno moja tu, risasi, ningeelewa!"

Hapo sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza msimu huu. "Nilikuwa hata jina langu silijui! Mume wangu yuko chini, baba yangu anahutubia watu. Nikasema kesho nitamwambia. Kesho yake ukaondoka na vyombo kabla sijaamka. Nikasema kesho tena. Halafu mvua ikanyesha, maji yakafungwa. Baada ya hapo ingesaidia nini? Ungepata mtu wa kumlaumu tu. Au ungejilaumu mwenyewe, na wewe ukianza kujilaumu nakujua, ungelala kitandani usiamke. Nikaona bora uendelee kuchonga."

Mapafu alitaka kutoka, nikamwambia akae. Sikutaka kubaki peke yangu naye.

"Na kuna siku nilikuwa nakuamini," akasema, taratibu sasa. "Risasi nimeimimina mimi, kwa mkono huu. Lakini ukianza kueleza, mkono unalegea, bunduki inapanda, nilikuwa nakaa hapa nasikiliza na kuamini. Uliporudi na ile pacha niliipapasa. Nikajiambia labda ile risasi niliiota."

Nimekuwa na maneno msimu mzima, leo nilikuwa na swali moja. Nilimtazama Mapafu nikamuuliza kile nilichokuwa nakijua tayari, kama siku zile za mwanzo, maji yakiwa maangavu, wangezamia kwa mstari kama alivyotaka, wangempata?

Mapafu ni mtu mwema, alijaribu kudanganya. Akasema bahari ni kubwa. Kisha akasema, "Siku ile tulikuwa tunaona mpaka mchanga, mzee."

Alikuwa pale chini. Tulipokuwa tunakwenda bahari kuu na kelele zetu, tulipita juu yake. Na sasa mto mzima umemwagwa pale, msimu mzima wa tope na magogo, hakuna mfupa wa kutafuta wala mahali pa kuanzia. Binti yangu angekuwa na kaburi la mumewe. Angekuwa na mahali pa kwenda siku akijisikia vibaya. Nimemnyima hicho kwa sababu nilipenda kusema mbele za watu kwamba bunduki zangu hazizami, na kumbe zinazama zote, zimekuwa zikizama kwa miaka, na mji mzima unajua isipokuwa fundi.

Nimeogopa kumgusa. Nilitaka kumgusa bega na nikaogopa.

Mei 10

Jua. Leo asubuhi nilimwambia binti yangu avae, tunakwenda kwa mama mkwe wake kuwaita watu wa msiba. Nilisema msiba. Neno lilitoka bila shida, sikutegemea.

Mshonaji alikuwa kwenye cherehani yake, chumba cha mbele, anatia kola kwenye sare za shule. Mlango ulikuwa wazi. Nilisimama kizingitini nikavua kofia, nikamweleza yote: risasi, kiziba, siku zile za maji maangavu. Hakusimamisha gurudumu mpaka nilipofika mwisho. Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi, na kwamba sasa watu wakaribishwe, nyumba yangu iko wazi, waje wamlilie mtoto wake.

Alikata uzi kwa meno.

"Sisi tulishamaliza, mkwe," akasema. "Uliponifungulia mlango siku ile, nilikuja hapa nikaita watu wangu. Tulikaa, tukalia, tukamsema, tukamaliza. Mkeo alikuja siku zote."

Nilisema sikujua. Akasema anajua kwamba sikujua.

"Mahali pa mke wa mwanangu tulipaacha wazi pale," akaonyesha ukutani kwa mkasi, "na hapakukaliwa. Alileta salamu kwamba hawezi kukuacha peke yako."

Nilimgeukia binti yangu. Alikuwa anapaangalia pale ukutani. Sakafu ya saruji, mkeka umekunjwa, sanduku lile la mashati juu yake.

Mshonaji akasimama. Ni mwanamke mfupi, lakini aliposimama nilirudi hatua nyuma. Akamshika binti yangu mkono juu ya kiwiko, kama unavyomshika mtu mgonjwa, akamwambia, "Ingia, mama. Ingia mwanangu, umechelewa lakini ingia." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ngoja hapo nje."

Akafunga mlango.

Nilikaa kwenye ngazi. Barabarani watu walipita wakanisalimia, nikawaitikia. Kwa muda sikusikia kitu, nikadhani wanaongea kwa sauti ya chini. Halafu nikamsikia. Mwanzoni sikumtambua, maana sauti ile sijawahi kuisikia kwake, hata alipokuwa mtoto mdogo ameangukiwa na ubao mguuni. Alikuwa anamwita mumewe kwa jina, anamwambia arudi, arudi, maneno yale yale ya kilio niliyokuwa nimeyakataza nyumbani kwangu, na Mshonaji anamjibu, "Lia, mwanangu, lia."

Niliinuka nikashika kitasa. Yule ni mwanangu. Mkono wangu ulikuwa umeshafika pale na mlango haukuwa na kufuli, lakini sikufungua, kwa sababu kila nilipojaribu kufikiria neno la kumwambia nikiingia, nilijisikia nikianza kueleza.

Nikarudi kukaa. Alilia mpaka jua likahama upande wa pili wa barabara, na hakuna aliyetoka kuniita.